Abee ya Kinamasini

Jumapili ile, saa moja asubuhi, Pasi alikuwa amekunja blanketi mara mbili juu ya meza ya chakula, akatandika shuka kuukuu juu yake, na sasa anampigia mama yake gauni pasi. Alianza na kola, akaja mabegani, akamalizia na pindo, kwa utaratibu uleule aliokuwa akiufuata siku sita za wiki kwenye chumba cha kunyooshea nguo cha hospitali kubwa. Mama alikaa kitandani na shimizi, fimbo yake magotini, akiikazia macho saa ya ukutani kana kwamba ndiyo inayomchelewesha makusudi.

"Kola imeshanyooka hiyo, mwanangu. Unaitafutia nini tena?"

"Ina kikunjo."

"Kikunjo chenyewe unakiona wewe peke yako. Tutachelewa, mdogo wako atulaumu."

Pasi alinyunyiza maji kwa vidole, akapitisha tena. Mvuke ukampanda usoni, naye hakuukwepa.

Jina la Pasi alipewa na wenzake wa kazini kwa sababu ya kazi yenyewe. Hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na utani mwingine. Miaka kumi na mitano iliyopita, katika darasa la mwisho la shule ya msingi, yeye ndiye binti pekee aliyepasi mtihani. Alipasi, na tangu hapo anapiga pasi.

Mambo yalikwenda hivi. Mwaka ule mama alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Nyumbani kulikuwa na mabinti wawili waliopishana mwaka mmoja na nusu, wakisoma darasa moja. Mkubwa alipewa jina la bibi yao mzaa baba, mdogo alipewa jina la shangazi. Mkubwa alipasi, mdogo alifeli. Mkubwa alijua kumgeuza mama kitandani bila kumwumiza. Mdogo alijua kulia. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alikaa na barua ya sekondari mkononi tangu alasiri mpaka chakula kikapoa, kisha akasema kwamba barua haikuita mtu, imeita jina. Jina lililoitwa ni la bibi. Atakayelivaa ndiye atakayekwenda.

"Mtabadilishana tu," alisema. "Watoto wa tumbo moja, nani atamwibia nani?"

Basi mdogo akalivaa jina la bibi pamoja na sketi ya shule iliyokwisha kushonwa kwa kipimo cha dada yake. Sketi ilikuwa ndefu, ikabidi ipandishwe pindo. Jina lilimkaa bila kupunguzwa. Aliyelipiga pasi lile pindo ni Pasi.

Yeye akabaki na jina la shangazi. Ndilo lililokuwa kwenye kitambulisho chake, kliniki na kazini, na kila lilipoitwa alichelewa kidogo kuitika, kama mtu anayetembea na ndara zisizo zake.

Siku ile ndani ya mkoba wake mlikuwa na tangazo la msimamizi mpya wa dobi, limekunjwa mara nne. Lilisema kwamba kufikia Jumatatu saa sita mchana, kila anayetaka kubaki chumba cha kunyooshea alete cheti cha kufaulu mtihani wa shule ya msingi. Asiye nacho atahamia chumba cha kupokelea, kule mashuka yanakofika na damu na kila kitu kingine kinachotoka kwa binadamu. Pasi alikuwa na miaka tisa kwenye pasi. Cheti alikuwa nacho, ila kilikuwa kwa mdogo wake.

"Leo nitamwomba," alimwambia mama wakati wa kumfunga zipu.

Mama alijitazama kwenye kioo. "Leo ni siku yake, mwanangu. Usimharibie."

*

Bustani ya kinamasi ilikuwa pale mji unapoishia, nyuma ya maghala ya saruji, kituo cha mwisho kabisa ambapo basi hugeuza. Watu wa mjini walikwenda huko siku za mapumziko kutafuta utulivu. Kulikuwa na maji yaliyolala, yungiyungi, matete marefu kuliko mtu, na njia ya mbao iliyopita juu ya tope. Getini paliandikwa kwa rangi nyeupe: USITUPE TAKATAKA. USIWARUSHIE NDEGE CHAKULA. UKIITWA, ITIKA, ILI WENZIO WAPATE UTULIVU.

Ndege wa kinamasi kile waliita watu. Mwandikaji wa getini, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuuliza jina, akalitamka kwa sauti huku akiliandika daftarini, na ndege aliyekuwa karibu akalidaka. Angekuita mpaka uitike. Ukishaitika, naam kwa mwanamume na abee kwa mwanamke, alirudi kwenye mambo yake na wewe ukaingia. Ilikuwa hivyo tangu kabla hapajawekwa uzio. Wageni waliokwisha kuzoea waliitika hata kabla hawajafunga pochi zao.

Mama aliandikwa, akaitwa na bata maji, akaitika, yakaisha.

"Na wewe dada, jina?"

Pasi alifungua mdomo, lakini mama alikwisha kumtangulia kutaja jina la shangazi. Mwandikaji akalitamka polepole kama anayesomesha imla. Juu ya waya wa uzio alikuwepo mdiria, rangi ya samawati, mdomo mrefu kuliko haja. Akaliita jina la shangazi.

"Abee," alisema Pasi.

Mdiria akaita tena.

"Abee!"

"Itika vizuri, dada," alisema mwandikaji. "Hajakusikia."

"Nimeitika mara mbili."

"Basi huyo ana masikio mazito. Kuna siku wanaamka na kiburi, utadhani wao ndio wanaokata tiketi. Jaribu tena."

Pasi alijaribu tena. Mdiria aliita tena. Foleni nyuma yao ikaanza kuguna. Mama alikuwa anakagua ncha ya fimbo yake.

Ndipo mdogo wake alipotokea kwenye njia ya mbao, anakuja haraka, buti za mpira mpaka magotini, darubini kifuani, shati la kazi lenye jina la bibi limetariziwa kwa uzi wa manjano juu ya mfuko. Hapo bustanini walimwita Afisa. Alipofika kwenye uzio aliweka ngumi mdomoni akakohoa, na ndani ya kile kikohozi mlikuwa na neno dogo, bee. Mdiria akageuza kichwa, akamtazama, akajirusha majini kufuata samaki.

"Pole na kikohozi, Afisa," alisema mwandikaji.

"Vumbi," alisema mdogo wake.

Kinamasini hapakuwa na vumbi. Pasi alisimama palepale na tiketi yake mkononi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza kama mwenzake bado anakumbuka. Sasa alijua.

"Shikamoo, Mama. Dada, shikamoo. Mmependeza, jamani! Gauni limenyooka hilo kama limetoka dukani leo."

"Marahaba," alisema Pasi. Alitazama kola ya shati la mdogo wake. Ilikuwa na vikunjo viwili, kimoja kila upande, na kwa muda mfupi alifurahi kuliko ilivyostahili.

*

Walipopiga hatua ishirini tu ndani ya matete, kinamasi kikaanza.

Korongo aliliita jina la bibi kwa sauti nzito, kama mwenye nyumba. Bata maji waliliita kwa kuuliza. Kitwitwi waliliita harakaharaka, watatu kwa mpigo, wakipokezana. Yangeyange, weupe kuliko shuka lolote lililowahi kupita mikononi mwa Pasi, waliliita wakiwa wamesimama mguu mmoja. Mdogo wake alitembea katikati ya njia akigeuka huku na huku. Abee kulia, abee kushoto, abee juu. Nao hawakuacha.

"Kila siku hivi?" aliuliza mama.

"Tangu nisaini daftari la wafanyakazi asubuhi mpaka nitoke. Abee! Nimeshazoea."

"Wanakupenda, mwanangu."

"Ndivyo wanavyosema."

Wageni walisimama kando kuwapisha, wakigusana kwa viwiko. Ndiye huyo. Ndiye anayeitwa kutwa nzima. Bibi mmoja aliomba kumshika mkono.

Wivu wa Pasi haukuwa mgeni kwake. Aliujua kama alivyojua joto la pasi, kwa kuusogezea kidole bila kuugusa. Alikwisha kuionea wivu simu ya mdogo wake, miwani yake ya jua, sahihi yake yenye mkia. Aliwahi kuonea wivu hata maumivu yake ya mgongo, maana mwenzake aliumwa mgongo kwa kukaa, na hayo ni maumivu ambayo Pasi hakuwahi kuyapata. Vyote hivyo alivipitishia pasi vikalala. Lakini hapa palikuwa na maji, miti na viumbe vyote vya Mungu, vinaita jina aliloitwa yeye na bibi kutoka jikoni, jina lake la kuitiwa mswaki asubuhi na la kutafutwa jioni, na mwingine anasema abee. Hili halikulala. Lilijikunja palepale alipolinyoosha.

Mbele yao walikuwepo mume na mke. Mume alikuwa anachezea simu, na kitwitwi mmoja alisimama kwenye ukingo wa mbao akimwita.

"Naam," alisema mke kwa niaba yake.

Kitwitwi akaendelea.

"Naam, naam, yupo hapa," alisema mke. "Baba nanii, itika bwana, anatupigia kelele."

"Naam," alisema mume bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Kitwitwi akanyamaza, akaruka.

Mke akasonya. "Hata ndege hawataki kuzungumza na mimi."

Pasi aliwatazama wale wawili mpaka wakapotea nyuma ya matete. Alikuwa mtu wa kutazama. Kazini ndiye aliyejua mapema shuka lipi litachanika. Kisha akamtazama mdogo wake, anaitika na anaitika, koo limeanza kukwaruza, na hakuna hata ndege mmoja aliyenyamaza.

*

Ofisi ya mdogo wake ilikuwa na pazia la kijani, feni na kabati la chuma. Mama aliachwa kibarazani na soda. Pasi alilitoa tangazo la msimamizi, akalikunjua juu ya meza, akalinyoosha kwa kiganja.

Mdogo wake alilisoma haraka. Alikuwa amesoma mengi maishani, karatasi kama ile haikumsumbua.

"Kesho saa sita," alisema.

"Kesho saa sita."

"Dada, wewe kazini unatumia jina la shangazi. Cheti kina jina la bibi. Kitakusaidia nini?"

"Kina picha yangu. Nitakaa na msimamizi nimweleze. Sura itasema."

"Ukimweleza yeye, umewaeleza wote."

Pasi aliligonga tangazo kwa kidole. Mdogo wake alifungua droo ya chini kwa ufunguo, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha cheti. Kwenye kona kilibandikwa picha ndogo ya msichana aliyekatwa nywele, kola imenyooka, macho yanatazama kamera kama yanayoisubiri ifanye kosa. Pasi hakuwa ameiona sura hiyo kwa miaka kumi na mitano.

"Waliponiajiri," alisema mdogo wake, "bwana mmoja aliitazama hii picha, akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Basi. Ikaisha."

"Ulinenepa kweli."

"Wewe nawe!" Walicheka kidogo, wote wawili, kama walivyokuwa wakicheka chini ya shuka moja utotoni. Kisha mdogo wake akakirudisha cheti kwenye bahasha.

"Andika barua kwamba kilipotea."

"Kwa jina gani?"

Feni ilizunguka. Nje korongo aliliita jina la bibi, na mdogo wake, bila kufikiri, akasema abee huku akifunga droo kwa ufunguo.

"Dada, nikikupa wewe, mimi nabaki nani?"

Pasi alilikunja tangazo mara nne, kwa mikunjo yake ileile.

*

Sherehe yenyewe ilikuwa ya banda la kutazamia ndege. Lilijengwa kwa mbao juu ya nguzo, katikati ya maji, na juu ya mlango palikuwa na ubao uliofunikwa kitambaa. Viti vya plastiki vilipangwa kwenye jukwaa la mbao mbele yake, na wageni kama arobaini walikaa. Mkuu wa bustani alikuwa mtu mfupi mwenye maneno marefu.

"Ndugu wageni, mimi nimekaa na ndege hawa miaka ishirini na sita. Mimi huniita mara moja tu asubuhi. Nikiitika, hawana habari na mimi tena. Sasa sikilizeni huyu."

Alitulia ili wasikilize. Kinamasi chote kilikuwa kinaliita jina la bibi.

"Anaitika, wanamwita. Anaitika, wanamwita. Hayo ni nini kama si mapenzi?"

"Mapenzi, Mkuu!" alisema mtu wa viti vya nyuma.

"Mke wangu mwenyewe haniiti hivyo."

"Anza wewe kumwitikia!" alisema mwingine, na watu wakacheka.

Mkuu alieleza kwamba kuanzia siku hiyo banda lingebeba jina la Afisa. Akamkabidhi kipaza sauti. Mdogo wake alisimama, akavuta shati lake chini, akasema "Abee" ndani ya kile kipaza, taratibu, kama zawadi. Watu walipiga makofi. Mama alipiga makofi fimbo ikiwa kwapani. Ndege waliendelea kuita.

Pasi alikaa kiti cha pembeni, kando ya mama. Aliyaona makofi, akauona ubao, akaiona ile kola yenye vikunjo viwili. Hakuwa amepanga lolote. Yangeyange mmoja alikuwa amesimama majini karibu na mguu wa jukwaa, hatua tatu hivi kutoka kwake, na alipoliita jina, aliliita kwa kulivuta silabi ya mwisho. Hivyohivyo ndivyo bibi alivyokuwa akiliita kutoka jikoni, alipotaka kuletewa maji.

"Abeee," alisema Pasi.

Hakusema kwa nguvu. Alisema kama anayeshika ndoo.

Yangeyange akanyamaza. Kisha wakanyamaza kitwitwi, kisha bata maji, kisha korongo mmoja baada ya mwingine, kutoka karibu kwenda mbali, kama taa za wodi zinavyozimwa na muuguzi anayetembea. Kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake aajiriwe, kinamasi kilikuwa kimya. Yalisikika maji yakinywewa na tope.

Mkuu aliangalia saa yake.

"Wamepumzika," alisema. "Tuendelee na ratiba."

Akakivuta kitambaa. Jina la bibi lilikuwa limechongwa vizuri, herufi kubwa, limepakwa rangi nyeusi. Makofi yalipigwa, lakini yalikuwa membamba, kwa sababu wengi walikuwa bado wametega masikio kwenye matete. Baba mmoja aliyekuwa na kinasa sauti alikizima akakiweka mfukoni.

"Afisa," alisema Mkuu kwa sauti ya chini, wakati wageni wanapewa maji. "Kesho nina wanafunzi wa chuo. Wamesafiri kuja kusikia unavyoitwa. Nisije nikawaonyesha ubao tu."

"Wataita, Mkuu."

"Mmegombana?"

"Hapana, Mkuu. Nikisaini daftari asubuhi, wataita."

*

Mdogo wake alimkuta Pasi nyuma ya banda, ameegemea ukingo.

"Ni wewe."

"Niliitwa."

"Hukuitwa wewe. Niliitwa mimi."

"Basi ungewanyamazisha."

Mdogo wake alitazama majini. Darubini ilikuwa imemwachia alama nyekundu shingoni.

"Unadhani ni raha?" alisema. "Miaka sita, Dada. Naitika mpaka koo linakauka. Naitika nikiwa chooni. Naitika huku natafuna. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniamini. Kila siku nasema labda leo mmoja atanyamaza, hata kitwitwi, hata kifaranga. Wewe umekuja mara moja, umesema mara moja."

Alikuwa analia sasa, na alilia vizuri kama zamani. Pasi alimsikiliza, na alipochungulia moyoni mwake kutafuta huruma, alikuta anauonea wivu hata ule uchovu. Angependa sana kuchoka namna hiyo. Angependa kuitwa mpaka koo likauke.

"Nipe cheti," alisema.

"Siwezi."

"Basi nitakuja kila Jumapili."

Mdogo wake alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa laini, na wa Pasi ulikuwa na kovu la pasi kwenye kifundo. "Usije, Dada. Nakuomba. Na ukija, usiitike. Wakinyamaza, mimi hapa sina kazi."

Mama alikuwa amefika, taratibu, fimbo ikigonga mbao. Aliwatazama wote wawili kama wanaogombania sega.

"Mwachie mwenzio, mwanangu," alimwambia Pasi. "Ameshalizoea. Wewe una subira."

Ni maneno yaleyale aliyoyasema miaka kumi na mitano nyuma akiwa kitandani, isipokuwa siku ile alisema "atalizoea." Pasi alichukua mkoba wa mama, akampa mkono, wakaondoka. Walipopita getini mwandikaji aliwauliza kama wamefurahi.

"Kumetulia sana leo," alisema. "Mpaka masikio yananiwasha."

*

Jumatatu saa sita mchana msimamizi aliita majina. Kwa jina la shangazi, Pasi alichelewa kidogo, kisha akasema yupo.

"Cheti?"

"Sina."

"Hukusoma?"

"Nilisoma."

"Kiko wapi basi?"

"Kinafanya kazi," alisema Pasi, na wenzake wakadhani ni mzaha, wakacheka. Msimamizi pia alicheka. Kisha akaandika, na Pasi akahamishiwa chumba cha kupokelea. Pasi yake ya mvuke alipewa msichana wa meza ya pili, ambaye alikuwa na cheti kizuri na aliunguza foronya mbili kabla ya saa tisa.

Kule kupokelea, kazi ilikuwa kuhesabu, kutenga, kuloweka. Na mashine zikijaa, kutoka na beseni kwenda kuanika uani. Yeye alipewa kamba ya tatu, karibu na ukuta. Aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya kila kazi. Mashuka aliyoyaanika yeye yalikauka yakiwa yamenyooka.

Jumatano yangeyange alikuja. Alitua juu ya nguzo ya kamba ya tatu, akapanga mbawa zake, akasimama mguu mmoja, akaliita jina la bibi kwa kulivuta silabi ya mwisho. Kutoka kinamasini mpaka hospitali ni safari ndefu kwa ndege wa majini, lakini alikuwa ameshaijua sauti, na asiyeitikiwa huenda kutafuta.

"Huyu anamwita nani?" aliuliza mwanamke wa kamba ya kwanza.

"Simjui," alisema wa kamba ya pili. "Hapa hatuna mwenye jina hilo."

"Mwenye jina lake aitike basi, tufanye kazi! Kichwa chenyewe kinaniuma."

"Labda ni mgonjwa wa wodini."

"Pasi, wewe humjui?"

Pasi alikuwa na vibanio vinne mdomoni. Akatikisa kichwa.

Yangeyange alirudi Alhamisi, akarudi Ijumaa. Walimzoea. Mwanamke wa kamba ya kwanza alisema heri huyo kuliko redio ya msimamizi. Ijumaa mchana simu ya Pasi ililia kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, habari ya kazi?"

"Nzuri. Habari ya huko?"

"Wamerudi kuita. Tangu Jumatatu. Mkuu amefurahi, wanafunzi walipiga picha ubao." Akashusha sauti. "Ila huwa nawahesabu. Kuna yangeyange mmoja hayupo. Asubuhi anaondoka, jioni ndiyo anarudi. Yuko kwako?"

"Yuko kwenye kamba."

"Anasema nini?"

Pasi alitoa simu sikioni, akainyoosha kuelekea nguzo. Yangeyange aliita. Alipoirudisha simu, alimsikia mdogo wake akivuta pumzi kwa meno, kama mtu aliyeguswa na chuma cha moto.

"Kwangu hawaiti hivyo," alisema mdogo wake. "Kwangu hawavuti mwishoni."

"Hawavuti?"

"Hata siku moja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umemwitikia?"

"Sijamwitikia."

"Siku zote tatu?"

"Siku zote tatu."

"Asante, Dada. Mungu akubariki. Nilijua tu, wewe una subira."

Pasi aliirudisha simu mfukoni. Ilikuwa saa nane, jua liko juu ya ukuta, beseni lilikuwa limebaki nusu. Wala haikuwa subira. Angesema abee mara moja, yangeyange angekunjua mbawa zake arudi kinamasini na wenzake wote wangetulia, na hapo yangekuwa yameisha. Alichukua shuka, akalikung'uta mara mbili, akalitupa juu ya kamba, akalivuta ncha mpaka likanyooka. Vibanio alikwisha kuvitoa mdomoni, vilikuwa mkononi.

Yangeyange akaita.

Pasi akabana ncha ya kwanza, akabana ya pili, akainamia beseni kuchukua shuka jingine, akangoja aitwe tena.